SGR Dar–Dodoma: treni safi, ila sifa tuzigawe kwa haki

Nimepanda SGR, ile treni ya umeme ya Shirika la Reli (TRC), Dar mpaka Dodoma, daraja la kawaida, tiketi 31,000, na nasema wazi huduma ni nzuri sana. Basi lilikuwa linakula siku nzima, hapa kama masaa matatu na nusu hivi umefika. Inafika kilomita 160 kwa saa, chupa yangu ya maji niliisimamisha kwenye kimeza bila kifuniko na haikumwagika hata tone.

Sasa tulivyoingia kwenye mahandaki ya Kilosa, mzee wa siti ya mbele akasema hii kazi ya Magufuli peke yake, Mungu amrehemu. Dada wa pembeni akamjibu, "Shikamoo babu, lakini treni kazileta Mama, Rais Samia." Ubishi ukaanza hapo.

Mi naona kila mmoja kashika upande. Magufuli ndo aliweka jiwe la msingi April 2017 na akakomaa wakati watu wanasema hatuwezi, hiyo hakuna wa kumnyang'anya, ila ukimpa sifa ya kuanza mbebeshe na ile ahadi ya Dar–Moro kuisha 2019, maana haikuisha. Samia kapokea 2021 sehemu kubwa ya reli ishajengwa, hakuanza sifuri, lakini jamani reli bila treni si vyuma tu vimelala juani? Mkataba wa vichwa na treni za umeme na Wakorea wa Hyundai Rotem umesainiwa 2021 hiyohiyo yeye yuko madarakani, abiria wa kwanza wakapanda June 2024, kwa hiyo kusema yeye kakata utepe tu ni kumwonea.

Na lawama nazo hivyohivyo. Siku umeme ukigoma treni ikasimama porini usimtukane rais kama vile yeye ndo kashika swichi, aulizwe fundi wa zamu na bosi wake, rais tumuulize hela ya matengenezo imetoka au haijatoka na huyo bosi kamteua kwa kigezo gani. Halafu kuna Waturuki wa Yapi Merkezi, vijana wetu waliomwaga zege usiku na mchana, na mikopo ambayo tutalipa sisi, hao kwenye ubishi hawatajwi kabisa na inaniuma.

Stesheni ya Dar imepewa jina la Magufuli, ya Dodoma la Samia, mi nimeona wamepatia. Tulivyoshuka Dodoma yule dada ndo kambebea babu begi, bado wanabishana.