Opinel namba 8 pwani: uzoefu wangu na kisu cha kwanza cha kukunja

Nianze na jibu, maana anayetafuta kisu hapendi kuzungushwa: kwa kisu cha kwanza cha kukunja, chukua Opinel namba 8, kile cha chuma kisichoshika kutu chenye mpini wa mbao. Wa bara, kwenye hewa kavu, ana ruhusa ya kuchagua chuma kingine. Nitafika huko.

Matumizi yangu ni ya kawaida kabisa. Nakaa Tanga mjini, na mwisho wa wiki ama niko baharini na mshipi, ama nimepanda Usambara, mara nyingi upande wa Amani, mara mojamoja Lushoto. Kisu kinakata kamba ya katani, chambo cha ngisi, nyanya na vitunguu vya kachumbari, nanasi, na kuliko vyote machungwa, kwa sababu njia ya Amani inapita Muheza, na msimu wa machungwa hakuna apitaye Muheza mikono mitupu. Hayo ndiyo maisha ya kisu cha mfukoni. Kwenye video utaona watu wanapasulia magogo. Magogo yana shoka lake, na dafu lina panga lake.

Vilivyobaki kwenye mchujo wangu vilikuwa vitatu: Okapi, Victorinox na huyu Mfaransa, Opinel.

Okapi nilikitaka sana kwa moyo. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na huku kwetu tulikuwa mojawapo. Kimeitwa kwa jina la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa ndiyo kwanza wamemwandika vitabuni, mwaka 1901. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Ni rahisi, chuma chake kinanoleka kwa jiwe lolote, na kile cha pete ya kuvuta mgongoni kinajifunga imara kikiwa wazi, kisikukunjikie vidoleni. Shida ni mlio. Ukikifungua, kila jino la kifungo hicho linapopita linasema kre, kre, kre, na kusini mwa Afrika mlio huo umehusishwa na vibaka kwa miaka mingi. Jaribu kukifungua kwenye daladala umenyie mtoto chungwa uone watu watakavyosogea.

Hili kwangu lilikuwa na uzito kuliko ubora wa chuma. Kisu cha kila siku utakitoa mbele za watu: sokoni, kwenye mashua, ugenini ukikaribishwa embe. Kiwe kisu ambacho mama mwenye nyumba akikiona atasema "mwanangu, hebu niazime na mimi." Visu vyeusi vyenye ncha ya kutisha na jina la kijeshi ubavuni vinauzwa kwa wingi, na kile nilichowahi kukishika cha aina hiyo, kisicho na jina la maana, kifungo chake, kile kinachozuia kisu kisijikunje, kililegea nikiwa nakata kamba tu. Siwezi kukipendekeza kwa mtu anayependa vidole vyake.

Victorinox sina la kukilaumu. Kampuni ni ya Ibach, Uswisi, tangu 1884, na kisu chao cha kawaida cha milimita 91 kina bisibisi (vingine na mkasi pia), kifungua kopo, kibanio cha kutolea mwiba na hata kijiti cha meno. Ukitaka vifaa vingi mfukoni, nenda nacho na usigeuke nyuma. Ila bapa, yaani ile sehemu yenye makali, la hicho cha milimita 91 halina kifungo, linashikiliwa na springi tu, na kwa mikono yenye utelezi wa ngisi mimi nataka bapa lililofungwa. Jingine ni uchafu: nanasi na mchanga vikiingia katikati ya matabaka yale, utakaa na mswaki jioni nzima.

Opinel ina vipande vitano tu: bapa, mpini, msumari wa bawaba, pete ya ndani isiyozunguka na pete ya nje inayozunguka. Joseph Opinel, mtoto wa mhunzi wa Savoie kwenye milima ya Alpi ya Ufaransa, alikibuni mwaka 1890. Pete ya kufungia iliongezwa na Marcel Opinel mwaka 1955. Unafungua kisu kwa kucha, unazungusha pete, basi. Pete za siku hizi hufunga hata kisu kikiwa kimekunjwa, kwa hiyo hakijifungui mfukoni. Inahitaji mikono miwili, na kwa anayeanza hilo ni jambo jema.

Namba 8 ina bapa la sentimita 8.5 na uzito wa gramu 45 hivi, mfukoni unakisahau. Mwenye mkono mdogo atapenda namba 7 ya sentimita 8. Namba 12 waachie wa bucha. Changu nilimwagiza shemeji yangu, Mngazija anayekaa Marseille. Kule ni kisu cha bei ya chini ya euro 20, na bei hiyo ni sehemu ya uzuri wake: kikidondoka baharini utasikitika, hutalia.

Sasa chuma. Kuna aina mbili: cha kaboni, na kisichoshika kutu chenye kromiamu zaidi ya asilimia 13. Cha kaboni hunoleka upesi na hukata kwa ukali wa kufurahisha, na wapenzi wa visu watakusifia hicho bila kupumua. Wengi wao hawakai karibu na bahari. Chuma cha kaboni ukikitumia kwenye chungwa au ndimu kinabadilika kuwa cha kijivu, kisha cheusi, na kikiwa kipya kinaliachia tunda ladha ya chuma. Weusi huo si kutu, ni ngozi inayokilinda kidogo. Lakini hewa ya chumvi ni habari nyingine: ukikiacha na maji ya bahari usiku kucha, asubuhi kina madoadoa mekundu. Kwa hiyo Dodoma, Arusha, Nairobi, chukua kaboni ukipenda, ukikifuta na kukipaka mafuta ya nazi kidogo. Tanga, Mombasa, Unguja, chukua kisichoshika kutu, na bado kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi, maana "kisichoshika kutu" baharini husemwa kwa sauti ya chini.

Kwenye kunoa ndipo kisu hiki kilinishinda kabisa, kwa maana nzuri. Bapa lake ni jembamba, limepungua taratibu kutoka mgongoni hadi kwenye makali, kwa hiyo hakuna chuma kingi cha kuondoa. Ukiwa na kinoo kizuri, vema. Ukiwa huna, geuza kikombe cha kauri: ule ukingo wa kitako usiong'aa unanoa vizuri. Inamisha bapa nyuzi kama 20, vuta kana kwamba unakata utando mwembamba juu ya ukingo huo, upande huu kisha ule, mwishowe pitisha kwenye mkanda wa ngozi. Jaribu kwenye nyanya mbivu bila kukandamiza. Usimpe mnoaji wa jiwe la baiskeli. Ni fundi mzuri kwa mapanga na mikasi ya cherehani, lakini zile cheche kwenye bapa jembamba maana yake ni moto, na makali yakishageuka rangi ya buluu ugumu wake umekwenda. Utanoa leo, kesho ni butu.

Wembamba huohuo una gharama. Usibandue kitu kwa ncha, usifungulie kopo. Itakatika.

Halafu kuna mbao, na kwetu pwani hili si dogo. Mpini wa kawaida ni wa mti wa Ulaya uitwao bichi (beech), bapa limelala kwenye mfereji uliochongwa humo, na mbao hunywa maji. Masika yakikolea, mbao ikavimba, mfereji hubana bapa hata kucha hailitoi. Wenyewe wa Savoie wanalijua na wana dawa ya siku nyingi: legeza pete, gonga kitako cha mpini kwenye jiwe au meza, bapa linachomoza kiasi cha kushikwa kwa vidole. Inafanya kazi, ingawa kwenye mashua ya watu utaeleza mara kadhaa unachogongea.

Kinga ni bora, na ifanywe kisu kingali kipya na kikavu. Nje mpini una vanishi. Mbao tupu iko ndani ya mfereji na pale kwenye bawaba. Zungushia msasa laini kwenye kadi ngumu, upitishe mfereji mara chache upanuke kidogo sana. Kiache juani kipate joto, kisha sugua nta ya mshumaa kwenye bawaba ikiyeyuka iingie. Msumarini tone la mafuta ya cherehani linatosha. Mafuta ya alizeti yanaganda yakawa gundi. Ipo namba 8 nyingine yenye mpini wa plastiki na filimbi kitakoni, nayo haivimbi, lakini nusu ya makali yake yana meno, na meno hayo hayanoleki kwenye kikombe. Nilibaki na mbao.

Wanaosafiri: kwenye ndege kinakaa kwenye begi la mizigo, si la mkononi. Na ndugu zetu wa Uingereza msinifuate bila kufikiri. Sheria ya huko inaruhusu kutembea hadharani bila sababu maalumu na kisu cha kukunja kisicho na kifungo, chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.6. Namba 8 inakosa yote mawili: inajifunga, na ni ndefu. Kwenu ninyi Victorinox kidogo ndiyo jibu.

Jambo la mwisho, kwa wavuvi. Namba 8 ya kawaida haina tundu la kamba. Toboa mwenyewe kwa drili ya milimita 3 karibu kabisa na kitako, pale ambapo mfereji umekwisha na mbao ni nzima. Kiangalie kwanza kikiwa wazi ujue unapoishia. Paka nta ndani ya tundu kabla ya kupitisha kamba, la sivyo maji yataingilia hapo.