Nililipia Fuso zima, likaenda kupakia korosho: uzoefu wangu wa kuhama Lindi kwenda Mtwara

Mnaohama msimu huu, nisomeni kwanza kabla hamjatoa kianzio kwa mtu yeyote mwenye lori. Kampuni yenyewe siitaji, ni moja kati ya hizi za mizigo pale Lindi mjini. Nilitaka nitulie ndipo niandike. Nimetulia vya kutosha, hasira iko palepale, basi naandika nayo.

Miezi ile kwetu ilikuwa ya mbio tupu. Septemba kulikuwa na Maulidi, na mama mkwe wangu wa Kilwa Kivinje hapokei udhuru, lazima wajukuu waonekane. Hapohapo likizo fupi ya shule, watoto wanataka Newala kwa bibi yao mzaa mama, tukapanda. Hatujafua hata nguo za safari, mume wangu akapata kazi bandarini Mtwara. Siku ya Nyerere, 14 Oktoba, watu wamepumzika majumbani, sisi tuko Mtwara tunazungushwa na dalali juani na mtoto mgongoni: hii haina maji, ile mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima mkononi. Tukapata moja Magomeni, miezi sita, mwenye nyumba muungwana. Lakini mkubwa wetu yuko darasa la nne na mtihani wa taifa ulikuwa mbele yake, tukakubaliana hatuhami mpaka aumalize. Ndivyo kuhama kulivyoangukia Novemba, korosho zimepamba moto.

Na Novemba huku Kusini mwenye lori ni mfalme. Minada imeshaanza, maghala ya Mtama, Masasi, Newala na Tandahimba yote yanatoa mzigo, na tangu korosho zirudishwe kupita bandari ya Mtwara, malori yanashuka huko usiku na mchana. Najua hayo yote. Mimi ni mtoto wa mkulima, baba yangu kapuliza salfa kwenye mikorosho miaka yote, ada yangu ya shule ilitoka humo. Kwa hiyo sikulalamika waliponitajia bei ya msimu. Niliilipa. Mume wangu alisema tuchangie gari na watu wengine ili tupunguze, mimi nikakataa, kwa sababu ya kabati.

Kabati hilo naomba nilieleze kidogo. Ni la vyombo, la mninga, milango ya vioo, nililichongesha kwa hela ya mchezo wa upatu niliocheza na wenzangu kazini. Zamu yangu ilikuwa ya mwisho kabisa. Niliisubiri, na ilipofika sikununua kitenge, sikununua simu, nilikwenda moja kwa moja kwa fundi. Sina kitu kingine ndani ya nyumba ambacho nikikitazama naweza kusema hiki ni cha jasho langu peke yangu. Sasa huwezi kuchukua kitu kama hicho ukakichanganya na simenti ya mtu na mabati ya mtu.

Nikaenda ofisini kwao. Kijana wa mezani akaniuliza, dada, unachangia au unachukua zima? Nikasema zima. Akaandika kwa mkono wake kwenye kitabu cha risiti: Fuso zima, vyombo vya nyumbani, Lindi–Mtwara. Karatasi ninayo mpaka leo, nimeihifadhi kwenye bahasha ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Kupakia, kwa haki ya Mungu, walipakia vizuri. Dereva mtu mzima, mpole, ananiita shemeji, alisimama mwenyewe pale juu anawaelekeza makuli: godoro hapa, friji lisimame, usililaze. Kabati nililifunga mablanketi, dereva akalifunga kamba akalibana kati ya makochi mawili lisicheze. Turubai likafunikwa juu. Nikamwona ni mtu anayejua kazi. Saa nne asubuhi gari likaondoka, na sisi tukaenda stendi kupanda Kosta na watoto.

Kutoka Lindi hadi Mtwara ni kilomita mia na ushee, lami tupu. Hata lori lenye mzigo likienda kwa adabu, alasiri limefika. Sisi tulipita Mikindani watoto wanaulizana vitanda vyao vitakaa upande gani. Tukafika, tukafungua nyumba, nikafagia, tukasubiri.

Alasiri ikapita. Magharibi ikapita. Simu ya dereva haipatikani. Mtoto mdogo analia, nepi zake ziko kwenye gari, sufuria ziko kwenye gari, kila kitu kiko kwenye gari. Nikapiga ofisini. Akapokea yuleyule aliyeniandikia risiti.

"Dada, gari limepita Mtama kidogo."

Mtama! Wanaoijua njia wanaelewa. Ukitoka Lindi ukafika Mnazi Mmoja, pale Mingoyo, barabara inagawanyika: kushoto Mtwara, kulia Masasi. Mtama iko njia ya Masasi. Huwezi kusema umepita Mtama kidogo ukiwa unakwenda Mtwara. Nikamuuliza, Mtama kufanya nini? Kuna mzigo wa bosi wanauchukua. Mzigo gani? Korosho. Nikamwambia, kaka, mimi nimelipia gari zima, risiti umeandika wewe, nina mtoto mchanga hapa na sakafu tupu. Hapo ndipo aliponijibu, na nayaandika maneno yake kama yalivyotoka:

"Mama, korosho ni hela. Vyombo vyako haviozi."

Akakata.

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda. Gari kuharibika naelewa. Pancha naelewa. Hata kuchelewa siku nzima naelewa, barabara ni barabara. Lakini mtu kapokea hela yangu, kaihesabu mbele yangu, halafu ananiambia kwamba hela ni ile nyingine. Yangu ilikuwa nini? Hata pole hakuna. Hata uongo wa kunituliza hakutaka kujisumbua kuutunga. Nilimpigia tena, akawa hapokei. Mume wangu akampiga kwa simu yake, akapokea, akaongea kwa heshima zote: "Ndiyo mkuu, tunalishughulikia mkuu." Mkuu! Aliyekwenda ofisini ni mimi, aliyelipa ni mimi.

Usiku ule tuliokolewa na jirani. Mama mmoja wa Kimakua, hatujajuana hata kwa jina, aliona hatuwashi jiko, akaja na mkeka, chandarua, chupa ya chai na bakuli la mihogo ya nazi. Akamchukua mtoto wangu mdogo akamwogesha kwake. Mwanawe mkubwa akanitafutia nepi dukani. Sitaki kusema mengi maana hapa nazungumzia malori, lakini mama huyu ningekuwa na nyota za kutoa ningempa zote.

Baada ya saa sita usiku mvua ikaanza, mvua ya kwanza ya msimu. Nikajipa moyo: turubai lipo, dereva kalifunga vizuri, nimeona kwa macho yangu.

Lori likafika asubuhi jua limeshapanda. Nikatoka mbio. Chini, magunia ya korosho, yamepangwa safi kama matofali ya ukuta, na juu ya magunia limefunikwa turubai. Lile turubai letu. Na juu ya turubai ndipo vyombo vyangu vilipotupwa, wazi, vimeloa. Kule ghalani Mtama walishusha kila kitu mchangani, wakatanguliza magunia, kila moja kilo 80 hivi, kisha wakarudisha vya kwangu juu kama takataka. Godoro linachuruzika maji. Makochi yamejaa mchanga mwekundu mpaka kwenye mishono, nimeyapigapiga hadi leo bado unatoka. Kabati limelazwa kifudifudi. Blanketi moja halipo. Mlango wa kushoto umeng'oka, bawaba imetoka na kipande cha mbao yake, na ule mninga ulivyo mwekundu ndani, pale ulipochanika palikuwa kama kidonda. Kioo kilibaki vipande vitatu ndani ya fremu. Nikavitoa kimoja kimoja ili watoto wasijikate, mikono inatetemeka.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba msiwape hawa watu hata mzigo wa kuni. Nimeufuta mstari huo, kwa sababu ya dereva.

Dereva alishuka, akavua kofia, akaniambia shemeji, nisamehe, mimi nilikataa wakanizidi. Kumbe pale Mtama walitumwa watu wa ofisi na gari lingine, ndio waliosimamia kushusha na kupakia, yeye akaambiwa akae kwenye usukani au aache funguo. Simu yake ilizima chaji. Na kuna kubwa zaidi. Alikuwa ameamriwa asije kwangu. Apitilize moja kwa moja ghalani Mtwara, akashushe korosho, ndipo alete vyombo. Mnajua foleni ya malori nje ya maghala msimu huu? Watu wanalala chini ya magari yao. Vyombo vyangu vingekaa kwenye foleni na mvua ile siku ngapi? Yeye akakata kona akaja Magomeni kwanza. Akashusha mwenyewe pamoja na utingo wake, hakuna kuli, friji akalibeba kama anabeba mgonjwa, akaliunganisha, akasubiri mpaka alipolisikia linanguruma. Akatafuta msumari akakishikiza kitanda cha watoto. Nikampa hela ya chai, akaikataa, nikamwekea kwenye dashibodi.

Kwa hiyo siku ile nilisema basi, yamekwisha. Kitu kinatengenezeka, binadamu ni huyu. Nikampigia mume wangu kazini nikamwambia tuwasamehe. Kweli nilisema hivyo.

Kilichonirudisha kwenye hasira ni wiki ile nilipokwenda Lindi kumalizia mambo ya uhamisho wa mtoto shuleni, nikapita ofisini kwao na picha za kabati kwenye simu. Sikwenda kugombana. Nilitaka wachangie kioo na bawaba, basi. Yuleyule kijana akazitazama picha huku anakula, akaniuliza: "Kwani lilikuwa jipya?" Nikamwambia siyo jipya, ni zima, lilikuwa zima. Akasema kampuni haihusiki na vyombo vya nyumbani, ingekuwa korosho zimeloa hapo sawa, mwenye mzigo angedai. Mwenye mzigo! Nikamuuliza na mimi ni nani? Wateja wengine waliokaa pale kwenye benchi wakainamisha macho. Nikaonyesha risiti, akasema zima maana yake gari zima, siyo bovu. Mtu mzima na akili zake ananitazama usoni anasema hivyo.

Halafu nikiwa natoka, utingo akanifuata nje taratibu akanipa habari: dereva amekatwa posho ya safari kwa kukiuka amri. Kwa kunishushia mimi kwanza. Ndio maana siogopi kuyaandika haya aliyoyafanya, ofisi yake inayajua na imeshamwadhibu.

Sasa nashindwa hata kusema nawapa nini. Dereva yule ukimpata, mpe mzigo wako wote na watoto juu yake, utafika salama. Ofisi ile, hapana. Ila huwezi kumpata dereva bila kupitia ofisi, na hilo ndilo linaloniumiza. Kama umebanwa na huna gari lingine, na Novemba unaweza kubanwa kweli, basi waandike kwenye risiti kwamba hawachanganyi mzigo na hawapiti njia nyingine, mtu wako mmoja apande mbele na dereva, na nusu ya hela ibaki mfukoni mwako mpaka kijiko cha mwisho kishuke. Wakikataa hayo, subiri Februari malori yapoe. Bora ulipe kodi ya nyumba mbili.

Nimeelekezwa LATRA, kwa kuwa ndio wanaotoa leseni za magari ya mizigo ya biashara, na nitakwenda na bahasha yangu. Kabati liko kwa fundi hapa Magomeni, kioo kimepatikana, mbao ya mninga ya kuziba pale palipochanika bado anaitafuta. Bili yake ikitoka naipeleka Lindi kwa mkono, mezani kwa kijana yule. Na kabla hajanilipa hata shilingi ya kabati, nataka kwanza posho ya dereva irudishwe.