Wiki 3 za Kihispania Antigua, Guatemala: mwalimu safi, ofisi yao sasa...

Shule sitaitaja jina maana nina lawama nayo, na kwanza pale Antigua shule za hivi ziko kibao na zinafanana, mwalimu mmoja mwanafunzi mmoja, saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana, halafu unalala na kula kwa familia siku sita, Jumapili msosi unajitafutia. Mi nilikaa wiki tatu, ilikuwa Kwaresima.

Lawama kwanza tuimalize. Nililipia nyumba yenye mwanafunzi mmoja tu, nafika nakuta tuko watano, mezani wote Kiingereza tu. Nikaenda ofisini, dada wa pale akaniangalia kwa huruma akaanza, "Fíjese que..." Kwa juu juu ni kama "hebu fikiria kwamba", ila Guatemala ukiisikia hiyo ujue kuna habari mbaya inakuja na haina mwenye kosa, fíjese que basi halijaja, fíjese que mayai yameisha, yaani moyo unashtuka kabla mtu hajamaliza sentensi. Ilichukua siku tatu na fíjese que kama sita ndo nikahamishwa. Nyota moja nimeitoa hapo hapo.

Nyumba ya pili ndo nikaona faida ya hela yangu. Doña mwenye nyumba, mumewe, na mjukuu wao. Siku ya kwanza nikala nikashiba nikainuka kimya, kumbe nimekosa adabu. Kule ukimaliza kula unawaambia wote mezani gracias, nao wanakujibu buen provecho, hata kama wewe ndo umepika! Mi nilivyofundishwa buen provecho inasemwa kabla ya kuanza kula, pale inafunga meza. Halafu doña na mumewe wanaitana usted, ile "wewe" ya heshima, na mjukuu naye anaambiwa usted na bibi yake, nikajua leo wamenuniana. Wala, usted kwao ni heshima na mapenzi pia, vijana wakiwa na marafiki ndo wanaambiana vos, "wewe" ya kirafiki. Na tú, "wewe" ya kirafiki ya vitabuni? Nyumbani na sokoni sikuisikia kabisa, lakini kitabu cha shule kimejaa tú toka ukurasa wa kwanza. Nikamuuliza seño (ndo wanavyowaita walimu wa kike) akacheka akasema kitabu ni cha wageni. Sasa mi nimelipa ili nipunguze ugeni au?

Ila seño mwenyewe namsifia. Ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa", zinawatoa watu jasho, mi nikamwambia sisi tunazo, "ni mwalimu" na "yuko sokoni" si kitu kimoja, haifiti kila mahali lakini pa kuanzia unapata. El na la, yaani jinsia za nomino, nazo mtu aliyekua na ngeli hawezi kuziogopa, ziko mbili tu jamani. Na siku tuliyoongelea Waarabu waliokaa Hispania karibu miaka 800 tukajikuta tunahesabu ndugu, azúcar na sukari, aceituna na zeituni, hasta na hata, ojalá na inshallah, darasa likaishia hapo, sarufi hatukuigusa tena siku ile.

Ziara za mchana za shule zipite tu. Walitupandisha Cerro de la Cruz, mji wote unauona chini na volkano ya Agua mbele yako, mandhari safi kweli, lakini muongozaji anaeleza tetemeko la 1773 na jinsi mji mkuu ulivyohamishwa kutoka Antigua baada ya hapo, yote kwa Kiingereza. Kwa nini sasa? Magofu ya makanisa nilizunguka tena peke yangu nikawa nawauliza walinzi, bora mara mia.

Kitu ambacho shule haikuniuzia ndo kilikuwa bora zaidi. Jumapili za Kwaresima kuna maandamano ya kanisa, na familia zilizo njiani zinatandika alfombra, zulia la vumbi la mbao lililotiwa rangi, maua na majani ya msonobari, chini barabarani. Sisi tulianza Jumamosi jioni, mi na mjukuu tumepiga magoti tunachekecha zambarau juu ya karatasi ngumu iliyokatwa maua, mgongo unauma hatari. Kesho yake uvumba ukatangulia, wakaja cucuruchos, wabebaji wa maandamano, na kanzu zao za zambarau wamebeba anda, jukwaa la sanamu, begani, wakapita juu yake, dakika chache tu kwisha habari, nyuma watu wanazoa na mafagio. Mi machozi karibu, doña yeye anachoangalia ni kama wamepita katikati. Aserrín (vumbi la mbao), colador (chekecheo), morado (zambarau), hayo maneno sijayaandika daftarini na hayajanitoka.

Nyota nne. Ukienda lipia wiki moja moja usilipe zote, ahadi ya kuwa peke yako kwenye familia uipate kwa maandishi, na siku ya kwanza kabisa omba ufundishwe vos, wanaijua, ni basi tu hawakupi usipoomba.

Wiki ya mwisho nilienda darasani bila kazi ya nyumbani. Nikakaa, nikamwangalia seño kwa huruma, nikaanza, "Fíjese que..." Akafunga kitabu tukaenda kunywa kahawa.