TAHADHARI: Muuza pete za "almasi ya mioyo na mishale" hapa Dar

Wakuu, mnaojiandaa kuchumbia, hasa mnaonunua pete Instagram, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna jamaa hana duka, anakutana na wateja kwenye migahawa ya Mikocheni na Masaki. Binamu yangu kamwachia milioni moja na laki nane. Sonara wa Mtaa wa Indira Gandhi kaipima pete: jiwe ni moisanaiti, jiwe la kutengenezwa maabara linalofanana na almasi.

Anavyowapiga ni hivi. Anatoa jiwe ambalo bado halijafungwa kwenye pete, analiweka kwenye kidude cheusi kama mrija, anakwambia chungulia. Kwa juu unaona mishale minane. Akiligeuza, mioyo minane imejipanga duara. Kijana mwenye mapenzi yake akishaiona hiyo mioyo, habari ya kuuliza maswali imeisha.

Na mioyo yenyewe ni ya kweli, ndiyo maana watu wanaingia. Inatokea jiwe la duara likikatwa kwa umakini mkubwa, nyuso zake zikalingana pembe. Ila hiyo ni sifa ya fundi aliyelikata. Hata zirkonia, almasi feki ya bei chee, ikikatwa hivyo inatoa mioyo ileile.

Ukisita, anatoa kipimo cha kalamu, kinalia piii. Kipimo kile kinapima jinsi jiwe linavyopitisha joto; kinaikamata zirkonia, lakini moisanaiti inapita kiulaini. Sonara alichukua lenzi, akainamisha pete kidogo, akatuonyesha: ukitazama ndani ya jiwe kwa pembeni, kingo za chini zinaonekana mbili mbili. Almasi haina hiyo tabia.

Cheti cha GIA, taasisi ya Marekani inayopima almasi, anakutumia picha tu WhatsApp. Namba tuliiangalia kwenye tovuti yao, ni bure, na ipo. Shida ni kwamba cheti kinasema jiwe lina upana wa milimita 5.7, la kwenye pete lina 6.5.

Halafu anajisifu ana ndugu mgodini Mwadui. Mwadui almasi zipo tangu 1940, hilo halina ubishi. Ila kama kweli ndugu anamtolea kimyakimya, basi unauziwa pete pamoja na kesi yake.

Risiti ya EFD hatoi, anaandika kwenye karatasi. Jina la akaunti anabadilisha, lakini picha ya mbele ni ileile: mkono wa kike wenye kucha nyekundu, umeshika usukani. Mliopigwa naye njooni inbox na miamala yenu, tunaenda polisi pamoja.