TAHADHARI: "Hongera umepata kazi, tuma ya vipimo" – matapeli wa ajira Mtwara na Lindi

Ndugu zetu wa Mtwara Mjini, Mikindani, Masasi, Lindi mpaka Kilwa: ukipigiwa simu ukaambiwa umepata kazi, kisha ukaombwa pesa kabla hujashika karatasi yoyote, hata iwe elfu kumi, hakuna kazi hapo. Kata simu. Anayetaka kujua kwa nini tunasema hivyo bila kumung'unya maneno, asome mpaka mwisho, na amsomee mdogo wake aliyemaliza kidato cha nne.

Utapeli huu una misimu. Korosho zikikaribia kwenda mnadani zinazuka nafasi za karani wa mizani, mlinzi wa ghala na msimamizi wa wapakiaji. Korosho zikiisha, linashikwa jina la gesi: mtambo wa Madimba, Mnazi Bay, Songo Songo, na zaidi ya yote mradi wa gesi kimiminika wa Likong'o. Mazungumzo ya Likong'o yamechukua miaka mingi, na kila yakitajwa kwenye taarifa ya habari matapeli nao wanaamka. Bandari ya Mtwara na saruji hazikosi. Kampuni inayotajwa mara nyingi ipo kweli na haina habari kabisa kwamba jina lake linauzwa.

Namba yako wanaipata kirahisi. Umeacha wasifu wako stesheneri baada ya kuuchapa, umejaza "fomu ya maombi" iliyozunguka kwenye kundi la WhatsApp, au umeandika namba chini ya tangazo Facebook. Kinafuata usaili wa simu wa dakika tano, maswali mepesi. Halafu unaingia ujumbe wa namna hii:

"Hongera umechaguliwa nafasi ya mtunza stoo. Mshahara 850,000 na posho. Kuripoti Jumatatu saa 1 asubuhi geti kuu. Tuma 35,000 ya vipimo leo kabla ya saa 10 jioni nafasi isipewe mwingine. Jina litakuja la daktari wa kampuni."

Usome tena taratibu. Ujumbe huu hupenda kuja Ijumaa, kwa sababu mpaka Jumatatu ofisi zimefungwa na huna wa kumuuliza. Saa 10 jioni imewekwa ili usipate muda wa kumshirikisha mjomba. Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi kubwa. Mtandao wa simu unakuonyesha jina la mwenye laini kabla hujaweka namba ya siri, na laini ile imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine kabisa. Tapeli anajua utashtuka ukiona jina geni, kwa hiyo anakutuliza mapema.

Ukituma hiyo 35,000, yanakuja ya buti na sare, ya kitambulisho cha geti, ya bima, na mwisho "kodi ya mshahara wa kwanza". Kiasi cha mwanzo kinakuwa kidogo makusudi. Aliyekwisha kutoa hataki kukubali kwamba zimekwenda, anaongeza ili aziokoe zile za kwanza.

Sasa tuangalie gharama halisi zilizopo kati ya "umepata" na siku ya kuanza, maana tapeli anaishi kwenye pengo hilo. Vipimo vya afya vya kuanza kazi na vifaa vya kinga kama buti na kofia ngumu ni jukumu la mwajiri chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Ukitumwa hospitali, iwe Ligula au Sokoine, unakwenda na barua ya mwajiri, na kinacholipwa kinalipwa dirishani kwa risiti. NSSF mwajiri ndiye anayewasilisha michango: jumla asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya nusu yake, tena kutoka kwenye mshahara ulioufanyia kazi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unachangiwa na mwajiri peke yake. Kodi ya mshahara nayo inakatwa na mwajiri mshahara unapotoka, na ukiwa chini ya 270,000 kwa mwezi haikatwi kabisa, sembuse kulipwa kabla ya kazi! TIN inatolewa bure na TRA. Cheti cha tabia njema kinaombwa Polisi, na ada ya serikali inalipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo, tarakimu 12, haitumwi kwenye simu ya afande wala ya "afisa utumishi". Ajira za serikali zinapitia tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, kuomba ni bure, na majina ya walioitwa hutangazwa hapo hapo.

Kuna la pili ambalo kwa maoni yetu ni baya kuliko kupoteza 35,000, ila watu hawalipigii kelele. Unaambiwa utume picha ya kitambulisho cha NIDA mbele na nyuma, kisha picha yako umekishika kifuani, "kwa ajili ya mkataba". Wengine wanakuja na mashine ya alama za vidole mpaka mtaani, wanaita vijana kumi chini ya mwembe, kila mmoja anaweka kidole mara mbili tatu kwa kisingizio kwamba "haijasoma". Imesoma sana. Hizo ni laini zinazosajiliwa kwa jina lako, na ndizo zitakazotumika kumtapeli mtu wa Newala kesho. Piga *106# sasa hivi uone namba zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta usiyoijua, nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako, iondolewe.

Barua zao zina alama zake. Nembo imevutwa imepwaya, mhuri umechapwa pamoja na maandishi badala ya kugongwa juu yake, barua pepe ni ya bure isiyo na jina la kampuni, mshahara umeandikwa kwa wino mzito lakini hakuna majukumu ya kazi. Ilinganishe na kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinachomtaka mwajiri akupe maandishi unapoanza kazi: kazi yenyewe ni ipi, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo, saa za kazi, mshahara na jinsi unavyokokotolewa. Mwajiri wa kweli akikuahidi kwa mdomo, mwombe hayo kwa upole. Hatachukia. Anaweza kuchelewa wiki mbili tatu akisubiri sahihi ya bosi wa Dar es Salaam, na hapo usiache kibarua ulichonacho wala usiuze kitu kwa kutegemea ahadi.

Tusichanganye mambo, lakini. Vibarua wengi wa kupakia magunia na wa ujenzi huku kwetu wanachukuliwa getini kwa mdomo, wanalipwa kwa siku, na si utapeli. Ukifanya kazi ukanyimwa ujira, kukosa karatasi hakukufungi mdomo: shauri likifika, sheria inamtwika mwajiri asiyeleta maandishi mzigo wa kuthibitisha masharti. Unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, au siku 30 kama umeachishwa. Kuambiwa "fanya mwezi bure tukuone" nako ukatae, majaribio yana mshahara. Na nyapara anayetaka "ya soda" ili akuandike, huyo ni wa TAKUKURU, piga 113.

Ukitaka kuhakiki ahadi, usipige namba iliyokupigia. Nenda mwenyewe getini umuulize mlinzi ofisi ya utumishi iko wapi, au fika kwa Afisa Kazi wa mkoa. Anayejiita wakala wa ajira aonyeshe usajili wake, na jina la kampuni litafutwe BRELA, kwa msajili wa makampuni.

Aliyekwisha kutuma apige 100 haraka, mtandao ujaribu kuzuia pesa kabla hazijatolewa kwa wakala. Hapa dakika zina maana. Usifute ujumbe hata mmoja. Nenda kituo cha polisi uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi; kosa linaitwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Kisha tuma neno UTAPELI kwenda 15040 na ufuate maelekezo mpaka uiripoti namba iliyokupigia.

Baada ya hapo kaa macho, kwa sababu namba yako sasa iko kwenye orodha ya waliokwisha kutoa. Atapiga mwingine, sauti nzito, ajitambulishe ni askari wa makosa ya mtandao, mhalifu amekamatwa na pesa zako zipo, anaomba elfu 20 tu ya mafuta ya gari azifuate. Ni walewale.