TAHADHARI: Karatasi ya kompresheni yenye 165 kila silinda, gari likiwa Nairobi. Usitume pesa

Naandika haya kwa sababu juzi nimeiona tena karatasi ileile ya kompresheni, yaani kipimo cha jinsi kila silinda ya injini inavyobana hewa. Safari hii imewekwa kwenye tangazo la Impreza WRX, lakini mwandiko ni uleule na namba ni zilezile, za psi (kipimo cha presha): 165, 165, 165, 165. Mimi nilitumiwa karatasi hiyo mwezi wa tatu, nikaambiwa ni vipimo vya Forester STI, ile SG9 ya lita 2.5, gia sita za mkono, breki za Brembo. Nikaamini, nikanunua. Wiki tatu baadaye injini ilikuwa mezani, vipande vipande.

Muuzaji simtaji. Shauri liko polisi, namba ya OB ninayo, na sitaki kuliharibu. Ninachotaka ni mtu mwingine asiingie mtego huu wakati mimi nasubiri.

Mimi niko Mombasa, gari lilikuwa Nairobi. Nilijua kwamba injini hizi za Subaru za lita 2.5 zenye turbo zina ugonjwa wake: pistoni hupasuka kwenye kingo zinazoshikilia ringi (pete zinazoziba kati ya pistoni na silinda), na silinda ya nne ndiyo inayosumbua zaidi. Kwa hiyo nilidai kompresheni ipimwe kabla sijatoa hata shilingi. Saa moja haikupita, nikaletewa picha ya karatasi na video fupi: mkono umeshika geji, mshale umesimama juu ya 160. Nikauliza mbona namba ziko juu hivi. Akanijibu, "Bosi, hii ni turbo. Turbo inaongeza presha."

Jibu hilo ni uongo, na laiti ningelijua siku ile. Kompresheni hupimwa injini ikizungushwa na stata peke yake, plagi zimetolewa, petroli na moto vimekatwa. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini kwa nguvu, na hapo hakuna moshi wowote. Wakati wa kupima, turbo imelala. Tena injini za turbo hutengenezwa makusudi ziwe na mbano mdogo, yaani uwiano wa nafasi ya silinda kabla ya kubana na baada ya kubana. Hii ya SG9 ni nane na ushei kwa moja, ilhali injini nyingi za petroli zisizo na turbo ni kumi kwa moja au zaidi. Bila hivyo mafuta yangejilipukia kabla ya wakati turbo ikianza kusukuma hewa. Kwa hiyo geji kwenye gari la turbo hutarajiwa isome chini kuliko kwenye gari la kawaida.

La pili nilifunuliwa na fundi mmoja mtu mzima hapa Mombasa. Nilimpelekea gari kwa sababu lilikuwa linakunywa oili, linatoa moshi wa buluu asubuhi, na likisimama kwenye taa linatetemeka. Nikampa karatasi. Akaisoma, akauliza, "Hii imepimwa wapi?" Nikamwambia Nairobi. Akanirudishia palepale. "Mwanangu, hizi si namba za gari hili. Kule hewa ni nyepesi."

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Kanieneo ya hewa kule ni pungufu kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na pwani, na silinda haiwezi kubana hewa ambayo haikuingia. Injini inayosoma psi 142 Mombasa itasoma kama 115 Nairobi, ikiwa ni injini ileile na geji ileile. Ukigeuza hesabu, gari lililosoma 165 Nairobi lingesoma karibu 200 likishuka hapa. Kwa injini yenye mbano wa nane na ushei, namba hiyo haipatikani kwa njia ya halali.

Tukapima papo hapo. Injini ya moto, betri imejaa, plagi zote nne nje, njia ya hewa wazi kabisa, kila silinda ikapewa mizunguko sawa. Ya kwanza 143, ya pili 140, ya tatu 142, ya nne 95. Kanuni ambayo mafundi wengi huishika ni kwamba silinda zisipishane zaidi ya asilimia kumi. Yangu ya nne ilikuwa chini kwa thuluthi nzima.

Mzee hakuangalia namba ya mwisho tu. Alitazama pia mshale unavyopanda. Silinda nzima huruka juu kwa mbano wa kwanza, halafu hujazia kidogo. Ya nne ilianza chini ikapanda kidogo kidogo, na hiyo kwake ilikuwa dalili ya ringi au pistoni. Valvu ikivuja, mshale huanza chini na kubaki huko. Silinda mbili za upande mmoja zikishuka pamoja, kwa Subaru ya 1 na 3 au ya 2 na 4, shuku gasketi ya hedi.

Kisha akaingiza hewa ya kompresa kwenye tundu la plagi, valvu zikiwa zimefungwa, tukasikiliza inatorokea wapi. Kwenye ekzosi kimya. Kwenye rejeta hakuna povu. Alipofungua kifuniko cha kumwagia oili, upepo ukampiga usoni: hewa ilikuwa inapita kando ya pistoni. Injini ikafunguliwa, na ukingo wa pistoni ya nne ulikuwa umevunjika. Matengenezo yamezidi laki tatu na bado hayajaisha.

Sasa 165 ilitoka wapi? Sijui ni hila ipi iliyotumika kwangu, lakini fundi alinionyesha zinazowezekana, na zote ni rahisi. Mimina oili kidogo kwenye tundu la plagi kabla ya kupima: oili inaziba nafasi kati ya ringi na ukuta wa silinda, na mgonjwa anasoma kama mzima. Au pima silinda moja nzuri mara nne. Au piga video kwenye gari jingine kabisa, kwani yangu ilionyesha geji tu, injini haikuonekana. Karatasi nayo haikuwa na tarehe, haikuwa na namba ya chesisi, haikuwa na jina la gereji. Na ile saa moja nayo ilitakiwa inishtue. Plagi za Subaru zimelala ubavuni, unaondoa vitu kadhaa ndipo uzifikie. Kazi hiyo haifanywi kwa haraka vile.

Ndugu zangu wa Nairobi, Nakuru na Eldoret, hapa naomba tuelewane. Mtu akikuletea 115, 112, 117, 114, usimkimbie kwa kuwa umesoma mahali kwamba namba nzuri ni 150. Huyo huenda ndiye muuzaji mkweli. Zilivyokaribiana ndiyo habari kubwa kuliko zilivyo juu. Nne zinazolingana kabisa hadi namba ya mwisho, kwenye gari la zaidi ya miaka kumi na tano, zinapaswa kukutia wasiwasi.

Na hata kompresheni nzuri haikuambii kila kitu. Haikuambii beringi za kranki zikoje, wala kama shafti ya turbo inacheza. Pistoni iliyoanza tu kupasuka inaweza kupita kipimo. Lipia na kile kipimo cha hewa, na plagi zikitolewa zitazame mwenyewe: iliyolowa oili peke yake kati ya nne inaeleza mengi. Mkataba pia usome. Wangu una maneno "gari limeuzwa jinsi lilivyo", na sasa ndiyo ngao ya muuzaji.

Baada ya kuona tangazo la ile WRX nilimwomba rafiki yangu apige simu, aseme atakuja na fundi wake na geji yake, injini ikiwa bado ya moto. Akajibiwa kwamba gari limeshalipiwa amana. Hiyo ilikuwa Jumanne. Leo ni Jumamosi, tangazo bado liko, na karatasi ya 165 bado iko.