Operesheni ya kupangwa, uchungu ukaja kabla ya tarehe: tumezipima huduma za Dar es Salaam

Ubora wa huduma ya operesheni ya kujifungua iliyopangwa hauonekani siku ya tarehe. Siku hiyo kila kitu kiko sawa: thieta imeandaliwa tangu alfajiri, mtaalamu wa usingizi yupo, mama hajala kama alivyoagizwa, ndugu wako benchi na kapu la khanga. Asubuhi ya Jumanne hospitali nzuri na ya hovyo hazina tofauti. Tofauti inajitokeza Jumamosi saa nane usiku, wiki moja na ushee kabla ya tarehe, chupa ikipasuka mama akiwa kitandani kwake Chanika.

Basi hapa tunapima hicho tu: pale uchungu unapoitangulia tarehe, huduma uliyoahidiwa inafanyaje kazi. Tumeacha pembeni rangi za wodi, chakula na televisheni. Majina ya hospitali binafsi nayo tumeyaacha, kwa sababu hospitali hiyo hiyo hubadilika kulingana na nani yuko zamu.

Tuanze na tarehe yenyewe, maana inasema mengi. Mama asiye na tatizo jingine hupangiwa wiki ya 39. Mtoto akitolewa mapema zaidi, mama hajaonja uchungu, huwa kwenye hatari zaidi ya kupumua kwa shida, kwa kuwa maji ya kwenye mapafu hayajapungua, na uchungu ni moja ya vitu vinavyoyapunguza. Kusubiri kuna gharama yake: Uingereza, wanakopanga wiki hiyo hiyo, akina mama huambiwa kwamba karibu 1 kati ya 10 ataanza uchungu kabla. Hospitali inayolijua hilo hukueleza mapema la kufanya. Inayokupangia wiki ya 37 kwa sababu daktari anasafiri imejirahisishia kazi yake na kumwachia mtoto mzigo. Zipo sababu za kweli za kuwahisha, kama kondo la nyuma lililoziba njia au kovu la wima kwenye mfuko wa uzazi, ambazo hupangiwa wiki ya 36 hadi 37. Uliza sababu yako ni ipi, na iandikwe kwenye kadi.

Kipimo cha pili ni simu. Piga namba uliyopewa saa nane usiku, siku yoyote kabla ya wiki ya 37, useme tu unahakiki namba. Nyingi za hospitali binafsi ndogo hutoa namba ya mapokezi; anapokea mlinzi, au haipokelewi. Hiyo ni alama ya chini kabisa kwetu, hata kama kifurushi ni cha mamilioni. Namba inayofaa ni ya wodi ya wazazi, na anayepokea ni mkunga anayeuliza mambo yenye maana: una wiki ngapi, kwa nini umepangiwa kupasuliwa, uchungu unakuja kila baada ya dakika ngapi, kuna damu, kuna maji na yana rangi gani, mtoto anacheza, umekula saa ngapi. Mkunga akikujibu "subiri asubuhi daktari aje" bila kuuliza hata moja kati ya hayo, tafuta hospitali nyingine ungali na muda.

Swali la "kwa nini umepangiwa" ndilo linaloamua mwendo. Mtoto aliyetanguliza miguu au aliyelala mlalo, chupa ikipasuka, kitovu (kamba inayomuunganisha mtoto na kondo) kinaweza kutangulia kutoka. Hapo mama asitembee wala asikae kwenye bodaboda. Apige magoti, kifua chini na makalio juu, au alale ubavu wa kushoto na mto chini ya nyonga, hivyo hivyo mpaka kwenye gari. Kitovu kikionekana nje kisishikwe-shikwe, maana kikiguswa na kupoa mishipa yake hubana. Mwenye kondo lililotangulia, yaani lililoziba njia, akiona damu nyekundu, hata bila maumivu, aende wakati huo huo, na asiingizwe kidole ukeni na mtu yeyote kabla ya kipimo cha ultrasound. Tunasisitiza kwa sababu kupima njia ndilo jambo la kwanza ambalo mkono wa mtoa huduma umezoea kufanya, na kwa huyu mama linaweza kufungua damu isiyozuilika.

Wengi wanaopangiwa, hata hivyo, ni wenye kovu la zamani. Kwa mwenye kovu moja la mlalo upande wa chini, uchungu ukishaanza hatari ya mfuko wa uzazi kuchanika ni takriban 1 kwa 200. Ni ndogo, lakini ikitokea inakwenda kwa kasi. Dalili tunazotaka mkunga azijue bila kufungua kitabu: maumivu ya kovu yasiyoachia kati ya uchungu mmoja na mwingine, uchungu uliokuwa mkali kukatika ghafla, damu, mapigo ya mtoto kushuka, kichwa kilichokuwa chini kurudi juu. Kovu la nje halikuambii la ndani likoje. Mama anaweza kuwa na mstari safi wa mlalo chini ya tumbo huku mfuko umepasuliwa wima. Ndiyo maana karatasi ya operesheni iliyopita ina thamani kuliko maelezo ya mdomo. Iombe hospitali ulikojifungulia na ubandike nakala kwenye kadi ya kliniki.

Ukifika, angalia dakika za mwanzo. Huduma nzuri inaonekana kwa vitu vidogo: mkunga anaweka kiganja juu ya tumbo na kukiacha hapo dakika kumi nzima, jicho kwenye saa, akihesabu uchungu na urefu wake. Anasikiliza mapigo ya mtoto mara baada ya uchungu kuachia; ya kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika. Kisha ndipo anapima njia. Huduma mbovu inaanza na dirisha la malipo.

Baada ya hapo lazima mtu mmoja atamke ni dharura ya kiwango gani. Uingereza hutumia ngazi nne: ya kwanza, maisha ya mama au ya mtoto yamo hatarini na mtoto alengwe kutoka ndani ya dakika 30, ya pili, kuna shida lakini si ya kuua papo hapo, dakika 75, ya tatu, hakuna shida ila azaliwe mapema, ya nne ndiyo ya kupangwa. Uchungu uliokuja kabla ya tarehe, mama na mtoto wakiwa salama, kwa kawaida ni ya tatu. Kosa tunaloliona sana ni kuwaweka wote kapu moja: "huyu ni wa kupasuliwa tu", kisha akaachwa kwenye foleni bila kupimwa tena. Wa ngazi ya tatu saa tisa usiku anaweza kuwa wa kwanza saa kumi. Mapigo ya mtoto yasikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30 mpaka anaingia thieta, na uchungu ukishamiri hesabu mpya ifanywe.

Hesabu hiyo mara nyingine inabadilisha uamuzi wote. Mwenye kovu moja akifika njia imefunguka sentimita 9 na kichwa kimeshuka, kumpasua si lazima kuwe ndiyo njia salama: kichwa kilichobana kwenye nyonga ni kigumu kukitoa kwa juu, mfuko huchanika pembeni na damu humwagika zaidi. Daktari mzuri anamkalisha mama, anamweleza na kumpa nafasi ya kuchagua. Anayekimbilia kisu kwa kuwa "ndivyo ilivyoandikwa" tunampunguzia alama, sawa na anayemlazimisha mama asukume.

Kuhusu kula. Kwa operesheni ya kupangwa, chakula kigumu hukatwa saa 6 kabla na maji ya kawaida saa 2 kabla. Uchungu haukupi saa hizo, tena tumbo hukawia kusaga ukiwa nao. Ukihisi umeanza, acha kula, na useme ukweli ulikula nini na saa ngapi. Ganzi ya mgongo ndiyo chaguo la kwanza na hukolea ndani ya dakika chache. Nusu kaputi hubaki kwa pale ambapo hata dakika hizo hazipo, na hapo chakula kilichomo tumboni kinaweza kupanda na kuingia mapafuni. Mtaalamu mwenye mkono mzuri husubiri uchungu uachie ndipo achome sindano, mama ameinamisha mgongo na mkunga amemshika mabega. Meza huinamishwa kidogo kushoto ili mfuko wa uzazi usiukandamize mshipa mkubwa. Dawa ya kuzuia maambukizi iingie kabla ya kisu, si baada ya mtoto.

Damu ndiyo sehemu ambayo huduma nyingi zinaanguka. Mama anatolewa sampuli wiki moja kabla na kuambiwa "damu yako ipo". Sampuli ya kulinganisha damu kwa mjamzito hutumika siku 3 tu. Akija mapema, kazi inaanza upya. Uliza kama kuna friji ya damu hapo hapo au dereva anatumwa mjini, na ndugu wakachangie mapema.

Kwa ujumla alama zetu ni hizi. Hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke na Mwananyamala, zina msongamano na vitanda havitoshi, lakini usiku kuna watu macho na thieta inafanya kazi. Kwa mwenye kondo lililotangulia au makovu mengi, tungemwelekeza huko au Muhimbili bila kusita. Hospitali binafsi kubwa yenye mtaalamu wa usingizi anayelala jengoni inastahili bei yake. Ile ndogo inayomwita daktari kutoka nyumbani ni nzuri kwa tarehe tu; uliza anakaa wapi. Kituo cha afya cha serikali chenye thieta kinatosha kabisa kwa kovu moja lisilo na shida, na mara nyingi ndicho kilicho karibu.

Ukaribu si jambo dogo. Anayetoka Bunju kwenda Upanga saa moja asubuhi hajui atafika lini, na wa Kigamboni asitegemee pantoni, apite darajani. Kwa usafiri wa dharura upo mfumo wa m-mama, namba 115, bila malipo: kituo cha kuratibu hutafuta gari la wagonjwa, na likikosekana humtuma dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye hulipwa kwa simu. Tunaupa alama ya juu, ila una mpaka: hukupeleka kwenye kituo kinachofaa, si lazima kile ulichokilipia. Hapo ndipo kadi iliyoandikwa vizuri inapokuokoa, kwa sababu utapokelewa na wasiokujua.

Kwenye malipo, soma kifurushi kabla ya kusaini. Uliza kama bei inabaki ile ile operesheni ikigeuka ya dharura, ya usiku au ya sikukuu, kama kibali cha bima kimefungwa kwenye tarehe, na kama amana inarudi ukijifungulia kwingine.

Jingine linalosahaulika karibu kila mara: kama ulikubaliana ufungwe kizazi siku hiyo hiyo, fomu ya ridhaa iwe imesainiwa na nakala iwe kwenye kadi yako kabla ya wiki ya 37. Daktari wa zamu hatakufunga kwa maneno ya katikati ya uchungu, na yuko sahihi.